Moto Nilioubeba Mwenyewe

Mlionisoma Jumapili iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni mwa nyumba yangu ya Bulla Pesa, mikono kiunoni, nikimwambia mwanangu Huka kwamba mimi sitoki. Wengine mlinipigia makofi, nimesikia. Basi yarudisheni makofi yenu, kwa sababu nilitoka. Nilitoka kwa miguu yangu, mchana kweupe, watu wakitazama, na hakuna aliyenisukuma.

Kwa aliyekosa gazeti, mimi ni Kabale, mke wa Jarso, dereva wa lori la mifugo la serikali, aliyestaafu mwaka wa 1983 akarudi nyumbani na redio moja na magoti mabovu. Maisha yake ya kazi yalikuwa barabarani. Yangu yalikuwa Isiolo, na watoto, na udongo. Nyumba ile niliikandika kwa mikono hii, chumba baada ya chumba, mpaka ikawa na ua, wapangaji, na lango la mabati linaloamsha mtaa mzima likifunguliwa.

Kisha Huka, kifungua mimba wangu, akaniletea ujumbe: Baba anasema nyumba ni kubwa mno kwa wazee wawili. Afadhali tuiache, tuhamie nyumba ndogo ya chumba kimoja kule Chechelesi.

Baba anasema. Maneno hayo mawili yashikeni, maana ndiyo yaliyonila.

Ngoja niwaeleze mambo ya kwetu, msije mkaniona mjinga kuliko nilivyo. Mimi sijawahi kumwita mume wangu kwa jina. Hapa gazetini nimeliandika. Kinywani halijawahi kupita. Namwita Baba Huka, naye ananiita Mama Huka. Mambo ya chumvi, mbuzi na kuni tunaambiana wenyewe. Lakini jambo zito, la nyumba au la mtoto, halirushwi usoni kwa mtu unayemheshimu. Akikataa, mtatazamana vipi kesho yake? Jambo kama hilo hupitia kwa kifungua mimba. Anakwenda kwa baba, anarudi kwa mama, na jibu likipatikana hakuna aliyeaibika. Ndivyo mama yangu alivyoishi na baba yangu, na hawakuwahi kugombana hata siku moja mbele yetu.

Jemimah alikuwa hawezi kabisa kulielewa hilo. Huyu ni Mmeru, fundi wa cherehani, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, na kama ningekuwa na dada Isiolo hii angekuwa yeye. Nilipomweleza habari ya kuhama aliacha kushona.

"Sasa Mama Huka, nyinyi mnalala nyumba moja na mnatumiana mtu?" akaniuliza. "Si uingie tu hapo ndani umuulize mzee, wewe unataka kuhama ama hutaki?"

Nilimcheka. Nikamwambia watu wa milimani hamna haya. Akacheka pia, akarudi kwenye cherehani yake, na neno lake nikalitupa pamoja na takataka za asubuhi.

Hata hivyo nililipima jambo lenyewe. Nilipima kama mtu anayenunua ng'ombe kwa fedha ya mwisho. Ua ule kuufagia kulikuwa kunanimaliza mgongo, hilo kweli. Wapangaji waligombania kamba ya kuanikia nguo kila siku ya Mungu. Choo kilikuwa mbali, na kufika huko kulikuwa na ngazi alizozikata Jarso mwenyewe wakati magoti yake yangali mazima. Watoto walikuwa wameondoka, na vyumba vyao vilikuwa vimejaa magunia.

Lakini upande wa pili kulikuwa na mikono yangu iliyo ndani ya kila ukuta. Na kulikuwa na chumba cha Tache.

Tache ni kitinda mimba wangu. Wanaonifuata tangu mwanzo wanakumbuka nilivyowasimulia kisa chake: jinsi baba yake alivyoamua aozwe Merti, kwa mzee mfanyabiashara wa ngozi, angali msichana wa shule, na jinsi binti alivyomtukana mzee huyo baadaye, baba yake akaamuru asikanyage kwetu tena. Maamuzi hayo yote nililetewa kwa njia ile ile ya heshima. Sikubisha. Nilifunga mlango wa chumba chake, nikaendelea kupika. Kitu kimoja tu sikukisema popote mpaka leo: kwa ajili ya Tache nilimchukia mume wangu, kimya kimya, na chuki hiyo haikuchakaa.

Ndiyo maana siku ile nilisimama mlangoni nikakataa. Kuhama kungefuta mahali pa mwisho ambapo mtoto yule alikuwa na kitanda.

Huka hakubishana nami. Aliondoka, akakaa kidogo, akarudi amelegeza sauti.

"Mama, Baba anaona haya kukuambia," akasema. "Yale magoti. Akishuka ngazi za choo anashika ukuta, anasimama hapo, machozi yanamtoka. Anasema hataki uone. Anasema bora afie kwa nyumba ndogo yenye choo karibu kuliko wewe umuone hivyo."

Hapo nilivunjika. Unaweza kumchukia mtu na bado usiweze kuvumilia kumfikiria ameshika ukuta akilia. Nilikwenda Chechelesi kukiona hicho chumba. Kilikuwa kisafi, kina sakafu ya simiti, na choo mlangoni kabisa. Nikamwambia Huka, mwambie baba yako nimekubali, kwa ajili ya magoti yake. Akanishika mikono akaniombea dua. Nilimwona mtoto mwema.

Siku ya kuhama nilifanya kama alivyonifundisha mama. Mwanamke wa kwetu akihama hauachi moto wake nyuma. Anauchukua kwenye kigae, anaubeba kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwenye nyumba mpya, wala hambebeshi mtu, kwa sababu moto ndio unaosema nyumba ni ya nani. Wazee wa ukoo walikuja. Nikakaanga buni kwenye samli, zikapasuka, harufu ikajaa ua, kila mtu akatafuna zake. Hayo ndiyo maagano yetu. Palipotafunwa buni, aliyesema kitu amekisema.

Mzee Jillo, binamu wa Jarso, ndiye aliyetuombea. Kabla ya dua aliniuliza kama inavyopaswa, "Mama Huka, nani anakuhamisha?"

"Ninahama mwenyewe," nikasema kwa sauti, ili Jarso asione haya mbele ya wenzake.

Mzee akamgeukia yeye. "Na wewe?"

"Mwenye nyumba ameamua," Jarso akasema. "Mimi nafuata."

Wazee wakacheka, nami nikaona nimesifiwa. Nikainua kigae changu, nikakatiza Bulla Pesa yote na moshi machoni, nikijiambia kwamba machozi ni ya moshi.

Huko Chechelesi, wapendwa, nikagundua ukubwa wa nyumba ni nini. Katika nyumba kubwa mtu na mumewe wanaweza kuishi vizuri bila kukutana. Jarso alikuwa na chumba chake cha wageni, mimi nilikuwa na jiko langu. Hapa tulikuwa na chumba kimoja, na leso niliyoitundika kuwa pazia mbele ya kitanda cha kamba. Nikigeuka nakanyaga mguu wake. Akijikuna nasikia. Akifungua redio, habari za dunia nzima zinaingia kwenye sufuria yangu. Tuliomba radhi kutwa, kama wageni wawili waliopewa kitanda kimoja.

Tena nikaanza kumwangalia. Choo kilikuwa mlangoni, lakini sikumwona akifurahi. Alikuwa akitoka nje, anatazama upande wa Bulla Pesa, anarudi kulala. Nikasema moyoni, mzee huyu hana shukrani. Nimeacha nyumba yangu kwa ajili yake na hata asante hana.

Alasiri moja magoti yalimkatalia msikiti. Akaswali ameketi, akajilaza nyuma ya pazia. Nikiwa napepeta mchele, nikasikia hodi. Alikuwa Jemimah, na mkononi alikuwa na sufuria yangu kubwa ya pilau niliyomwachia.

"Habari," akasema. Habari tu, kama tunaokutana kwa foleni ya maji. Nikamkaribisha, akakataa kuingia.

"Nimeleta sufuria yako," akasema. "Sitaki kuenda na kitu ya mtu."

Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Si wewe ndiye umesema nitoke?" Akaiweka sufuria chini. "Mama Huka, mimi nimekukosea nini? Watoto wako nimewashonea nguo zote za Idi. Kama umechoka na mimi si ungeniambia wewe mwenyewe, badala ya kunitumia Huka na maneno kama hayo?"

Nikamwuliza maneno gani. Akanitazama kama anayeangalia mwizi akikana huku ana kuku mkononi. Akasema Huka aliwakusanya wapangaji wote akawaambia Mama ameamua watoke. Kwamba Mama amesema Jemimah hasa ana mdomo mrefu, ndiye amewafukuza Mama na mzee kwa kelele za cherehani. Lango la mabati limepakwa rangi ya buluu. Kila chumba kimewekwa vitanda viwili viwili, na fundi anaandika ukutani kwamba ni nyumba ya kulala wageni. Hata chumba kile kilichokuwa kinafungwa, chumba cha msichana, kimefunguliwa na vitu vyake vimetupwa kwenye ua.

Nikaapa mbele yake kwamba sikumtuma Huka kusema neno lolote kwa mtu yeyote. Nikasema vyumba vyetu nilivifunga nikidhani vitabaki vimefungwa, wapangaji wakae walipo, kwa sababu ndivyo Baba Huka alivyoagiza.

Pazia likasogea.

"Mimi niliagiza nini?" Jarso akauliza.

Alikuwa ameketi kitandani, nywele zimesimama upande mmoja. Nikainamisha macho kama kawaida yangu, nikamjibu kuelekea kwenye mchele. Nikasema ameagiza tuhame, nyumba imekuwa kubwa. Nikasema habari ya ngazi na ukuta, tena nikasema kwa upole, nisimwaibishe mbele ya Jemimah.

Akateremsha miguu chini.

"Mama Huka," akasema, "mimi sijawahi kulia kwa ngazi yoyote. Zile ngazi nilizikata mimi. Huka aliniambia wewe ndiye umechoka. Kwamba mgongo wako umekufa kwa kufagia ule ua, unajificha jikoni unalia, na unaona haya nisije nikakuona umezeeka. Nikamwambia kama ni hivyo tuhame. Mimi nimelala kwa lori nusu ya maisha yangu nikiota kulala kwa ile nyumba."

Jemimah akakaa chini, juu ya sufuria yangu iliyofunikwa kichwa chini, akasema kitu kwa Kimeru ambacho sikuhitaji kuambiwa maana yake.

Naam. Sisi wawili hatukutaka kuhama hata mmoja. Kila mmoja alihama kwa ajili ya mwenzake. Na katikati yetu alikuwa amesimama mtoto tuliyempa ndimi zetu zote mbili azibebe, akawa anazimwaga njiani na kuweka wa kwake.

Sitawaficha, niliumia kuliko nilivyoumia siku nilipozika mama. Mama alichukuliwa na Mungu. Mimi nimezungukwa na mtoto niliyemnyonyesha, na kamba aliyonifungia ni heshima yangu mwenyewe. Laiti angeniibia tu. Mwizi unamfukuza, unapiga kelele, majirani wanatoka. Huyu alinifanya nijiibie.

Jemimah akasema twende, twende sasa hivi, tumtoe kwa fimbo. Nikasimama. Jarso hakusimama.

"Tutakwenda kusema nini?" akauliza. "Ulibeba moto, Mama Huka, na nyumba isiyo na moto wetu inabaki kwa kifungua mimba. Jillo alikuuliza, ukajibu. Na mimi aliniuliza. Buni zilitafunwa. Huka atawaambia wazee, hawa walihama wenyewe, na nyinyi mlikuwepo. Atakuwa anasema ukweli."

Hapo ndipo nilipoona ustadi wake. Hakutuandikisha popote. Alitungoja tufanye mila yetu vizuri, na mila ikamfungia mlango kwa komeo.

Jemimah aliondoka kwenda kulinda cherehani yake isije nayo ikatupwa uani. Alinikumbatia kwanza. Sufuria aliiacha.

Tukabaki wawili. Niliketi ukingoni mwa kitanda, karibu naye, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuketi. Mchele ulikuwa umemwagika, na hakuna aliyejali. Kisha Jarso akasema polepole, kama mtu anayeshuka mahali asipopaona.

"Na Tache?"

Nikageuza uso kwenye pazia.

"Nani alisema Tache aozwe Merti?"

"Ni wewe," nikasema, na safari hii nilimtazama.

"Mimi niliambiwa ni wewe." Akanigeukia. "Nilikuwa Marsabit na lori. Huka alinifuata huko. Akasema Mama amempenda yule mzee, ameshampa neno, nikikataa nitamvunjia heshima mbele ya watu. Nikasema mama anamjua binti yake kuliko mimi."

"Na kwamba asikanyage kwetu?"

"Huka alisema amekutukana wewe. Alisema hutaki kumwona mpaka ufe."

Nilishika mti wa kitanda. Miaka yote ile nilimpikia mtu huyu chai nikimchukia. Na yeye aliinywa akinichukia. Tulipakuliana, tuliombana radhi, tulizeeka, na mtoto wetu yuko Merti akiamini kwamba wazazi wake wote wawili wamemtupa.

Yule mzee wa Merti ndiye aliyempa Huka mzigo wake wa kwanza wa ngozi. Jambo hilo nililijua siku zote, na mtaa mzima ulilijua. Ni kwamba sikuwahi kuliweka karibu na lile jingine nikayatazama pamoja.

Jarso alikuwa analia. Basi kumbe Huka alikuwa amesema kweli mara moja, kwamba baba yake hulia, ila aliisema mapema. Nikanyoosha mkono nimfute, na wakati huo huo nikasikia viatu nje, na sauti ninayoijua kuliko yangu.

"Salaam aleikum, Mama."

Sijui nani aliyenifundisha nilichokifanya. Nilimwekea Jarso kidole mdomoni. Nikavuta pazia. Nikaingiza malapa yake chini ya kitanda kwa mguu, nikaenda mlangoni.

Huka alikuwa amesimama na kifurushi cha sukari, uso umejaa huruma. Alibusu mkono wangu. Akauliza kama nimezoea, kama paa halivuji, kama Baba analala vizuri siku hizi. Nikamjibu kila kitu. Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotulia.

Kisha akashusha sauti yake.

"Mama, kuna jambo si zuri. Tache ameonekana Gotu, njia ya Merti. Amemtoroka mzee, ana watoto, anakuja huku mjini kwa miguu. Kesho atakuwa hapa."

Nikashika fremu ya mlango.

"Nimemwambia Baba," akaendelea. "Amekasirika sana. Anasema akifika usimfungulie. Anasema ukimfungulia mtoto huyo mlango, yeye atatoka na hutamwona tena. Pole, Mama. Mimi nimetumwa tu."

Nilimtazama mwanangu. Nilitafuta usoni mwake mahali uongo ulipokaa, na sikupaona. Alikuwa na macho yale yale ya mtoto aliyekuwa akiniletea maji.

"Baba yako amesema hayo lini?" nikamwuliza.

"Sasa hivi. Nimemwacha msikitini."

"Kwa maneno hayo hayo?"

"Wallahi, Mama. Sijaongeza hata moja."

Nyuma ya pazia, kitanda cha kamba kikalia. Huka akainua macho, akanitazama, akatazama leso inayotikisika. Sukari ikamponyoka mkononi.

Nikafungua kinywa, na jina ambalo halikuwahi kupita hapo likapita.

"Jarso," nikaita, "toka. Ujumbe wako umefika."